Mwisho wa Kachero Ndani ya Kitabu cha Bibi Waridi

Mliokuwa nami wiki iliyopita mtakumbuka nilipoishia: majina yangu mawili yametukanana gazetini, watu wameshabikia, na aliyeumia ni mimi peke yangu niliyeandika matusi ya pande zote mbili. Hayo yamepita. Kumbe yalikuwa rasharasha tu, mvua yenyewe ilikuwa njiani.

Kwa aliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza, nimweleze kidogo asipotee. Mimi naandika vitabu vya hadithi, vile vyembamba vya jalada la rangi kali, vinavyouzwa stendi pamoja na pipi na betri. Nimeandika vingi kuliko ninavyokumbuka. Jina langu halimo kwenye hata kimoja.

Ukisoma mapenzi, mimi ni Bibi Waridi. Ukisoma mauaji, mimi ni Kachero Mstaafu. Ukisoma mizimu, mimi ni Mjukuu wa Mganga. Yapo na mengine ambayo hata mimi nikiyaona mezani hujiuliza ni ya nani.

Nimechoka, ndugu zangu. Niseme mapema msije mkanidai uchangamfu.

Nina binti mmoja. Ni mshonaji, cherehani yake iko chumba cha mbele, na mdomo anao. Mama yake alitutoka yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Nimemlea kwa taipureta. Wenzake walibembelezwa kwa nyimbo, yeye alilala kwa kelele za herufi.

Anajua baba yake ni Kachero. Hilo halikufichika, maana kila nikitaka kujua sumu fulani inafanya kazi vipi nilimuuliza muuza dawa mtaani, na mtaa una masikio. Lakini Bibi Waridi hakumjua. Mchapishaji wangu alinikataza kumwambia mtu yeyote, na mimi mwenyewe, kusema kweli, niliona haya. Mwanamume mzima, ndevu mpaka kifuani, eti Bibi!

Huyo mchapishaji tunamwita Jalada, kwa sababu kitabu kwake ni jalada, ya ndani ni ya kujazia. Nyuma ya kila kitabu cha Bibi Waridi ameweka picha ya mama mmoja mnene, mpole, kilemba kimemkaa vizuri. Ni dada yake mkubwa. Hajawahi kusoma hata kimoja, anasema hadithi zinamtia usingizi.

Binti yangu anampenda mama yule kuliko mtu yeyote aliye hai. Anavyo vitabu vyake vyote, vimepangwa juu ya kabati la vitambaa. Mteja akija analia nguo imembana kabla ya sherehe, binti yangu humvutia kiti akamwambia maneno ya Bibi Waridi, yale yaliyomo katika kila kitabu chake:

"Kaa kwanza, kula kitu, halafu ulie."

Na mimi hunigeukia. "Baba, ungejifunza kwa yule mama. Wewe kila ukurasa maiti. Kwake mtu akilia, na wewe unalia."

"Nitajitahidi, mama," namjibu. Kisha narudi chumbani kwangu kumwandikia kingine.

Basi akatokea Fundi.

Alikuja kutengeneza friji yetu. Akaitengeneza. Kesho yake akarudi kuiangalia inaendeleaje. Keshokutwa akapita, eti alikuwa na safari za upande huu. Friji yetu haikuwahi kupendwa kiasi kile.

Ni kijana mtaratibu, mikono mikubwa, hupiga mluzi usio na wimbo. Kwa binti yangu maneno yalimkauka, kwa hiyo akawa anakaa sebuleni na mimi, ananisimulia mafriji, huku jicho liko chumba cha mbele kwenye cherehani. Nilimpenda yule kijana. Nasema nilimpenda, mlikumbuke hilo mkifika mbele.

Siku moja akaniambia, "Unajua, mzee, friji haitengenezi baridi."

"Acha utani!"

"Kweli. Baridi haitengenezwi. Friji inatoa joto tu. Baridi ni kile kinachobaki."

Lo! Nilitamani nikimbie chumbani nikaandike hapohapo. Nikamvumilia mpaka aage.

Sasa mjue tabia yetu. Mwandishi wa majina mengi hatupi kitu. Analolisikia asubuhi, jioni liko chunguni, na likitosha anapakua sahani mbili. Kwa mazungumzo ya Fundi nikapika vitabu viwili kwa mpigo. Bibi Waridi akaandika habari za fundi wa mafriji anayempenda msichana na hajui aseme nini. Kachero akaandika habari za mwenye bucha ambaye mke wake ametoweka, na friza lake halifunguliwi na mtu. Vyote viwili ni vya sehemu mbili mbili, kama kawaida yetu.

Sehemu ya kwanza ya Bibi Waridi ilipotoka, binti yangu akaja mbio, sindano mdomoni.

"Baba! Bibi Waridi kamwandika Fundi!"

"Toa sindano hiyo, utameza."

"Nasema kweli! Mikono yake, mluzi wake, kila kitu! Yule mama ana macho ya rohoni."

Nikakohoa.

Haukupita muda mrefu, Fundi akatamka. Alitamka kwangu kwanza, kwa heshima, jasho likimtoka, kisha kwake. Binti yangu akamwambia anampenda, ila ampe nafasi kidogo. Nilipomuuliza anangoja nini, akainamisha kichwa kwenye pindo la gauni.

"Naogopa, baba. Wenzangu huuliza mama zao. Mimi nikamuulize nani?"

"Niulize mimi."

"Wewe!" Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Wewe utaniambia nimchunguze vidole. Nangoja sehemu ya pili. Bibi Waridi hajawahi kunidanganya."

Nilirudi chumbani nikicheka peke yangu. Anangoja sehemu ya pili, na sehemu ya pili iko kwenye taipureta yangu! Baba gani mwingine amewahi kupewa nafasi kama ile? Nikakaa nikaandika mwisho mtamu ambao sijawahi kuuandika. Machozi yalinitoka, na mimi hulipwa kulia, si mtu wa kulia bure.

Hapa lazima niwaeleze tunavyofanya kazi, maana ndipo nilipojipalia makaa.

Mimi siwapi wahusika wangu majina. Ukiwa na vitabu vitatu mkononi kwa wakati mmoja, majina yatakuchanganya, utamzika mtu kitabu kimoja na kumwozesha kingine. Kwa hiyo katika karatasi zangu zote mwanamume ni Fulani, mwanamke ni Mwanadada, basi. Jalada ndiye huwapa majina akishaiona picha ya jalada. "Sura hii si ya jina hilo," husema, akabatiza. Mpanga herufi anayapachika kila palipoandikwa Fulani na Mwanadada.

Tena karatasi zenyewe haziandikwi jina la mwandishi, ili siri isivuje kiwandani. Mimi huzifunga kwa uzi. Mwekundu ni Bibi Waridi. Mweusi ni Kachero. Kila mtu pale anajua, na haijawahi kuharibika.

Siku ya kupeleka sura za mwisho za vitabu vyote viwili, nikaenda kwenye kopo la nyuzi la binti yangu kama kawaida. Uzi mwekundu hakuna.

"Umekwisha, baba," akaniambia, aibu imemjaa usoni. "Kuna gauni langu nilikuwa natarizi."

"Gauni la nini?"

"Gauni tu."

Nikaelewa gauni la nini. Moyo wangu ukajaa, nikafunga mafungu yote mawili kwa uzi mweusi, nikaenda kiwandani natembea juu juu kama kijana. Nikayaweka mbele ya Jalada. "La juu Bibi Waridi, la chini Kachero," nikamwambia. Jalada alikuwa kwenye simu. Akatikisa kichwa, akayachukua yote mawili, akayaweka kifudifudi upande wake wa meza.

La juu likawa chini.

Sikuligundua hilo. Mimi sisomi vitabu vyangu vikishatoka. Nani anarudi kuangalia sahani aliyokwisha kuiosha?

Siku kitabu kilipotoka nilikuwa nakunywa chai. Cherehani ilikuwa kimya chumba cha mbele, nikajua anasoma. Nikatega sikio nisikie akicheka, au akilia kile kilio kizuri.

Nikasikia ukelele.

Nikaenda mbio. Binti yangu amesimama juu ya kiti, kitabu kimeanguka sakafuni kimefunguka, yeye anakitazama kama anaona nyoka.

"Kuna nini, mama?"

"Kamuua."

"Nani kamuua nani?"

"Fundi! Fundi wa kitabuni! Msichana kafungua friza, mke wa kwanza yumo ndani! Amekunjwa, baba!"

Nikakiokota. Ilikuwa sura yangu ya mwisho, neno kwa neno, mlango wa friza unalia, nywele zina barafu. Kazi safi ya Kachero. Na majina yamekaa mahali pake kabisa, maana Fulani ni Fulani.

"Ni makosa," nikasema. "Hawa watu wa kiwandani wamechanganya."

"Wachanganye nini? Majina ni yaleyale! Friza ni lilelile! Na Fundi ana friza kubwa nyuma ya karakana, baba, lina kufuli. Nimewahi kumuuliza la nini, akacheka tu."

"Mwanangu, hiki ni kitabu."

"Bibi Waridi hajawahi kunidanganya," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nikamkimbilia Jalada. Nikamkuta ananisubiri mlangoni, mikono ameitanua.

"Mwandishi! Njoo nikukumbatie! Umekomaa!"

"Jalada, tumeharibu. Sura za mwisho zimebadilishana."

"Najua, nimeona. Stendi wanagombania! Watu wanasema Bibi Waridi kaamka usingizini."

"Na cha Kachero je? Muuaji anamalizia kwa kumvisha mtu pete!"

"Wanasema mzee kapata ucheshi uzeeni. Kaa, kunywa soda."

"Nataka ukiondoe sokoni. Au chapa karatasi useme ni makosa."

Uso wake ukapoa. "Makosa? Nikuambie kitu, mwandishi. Bibi Waridi si wewe. Ni wangu. Jina langu, picha ya dada yangu. Wewe unamwandikia tu. Akisema alikusudia, amekusudia."

Mambo ya kiwandani ndiyo hayo. Nikatoka bila soda.

Nilipofika nyumbani binti yangu alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake. Alikuwa ametoka karakana.

"Nimemwambia afungue friza," akasema.

Nikakaa.

"Kwanza alidhani namtania. Akacheka. Mimi sikucheka. Akanitazama, baba, akanitazama mpaka akaelewa." Akajifuta pua kwa kiganja. "Akafungua. Kuna chupa ya maji na bakuli lake la chakula. Kufuli ni kwa sababu majirani humlia chakula chake. Akaniambia, 'Umeona?' Nikasema nimeona. Akasema, 'Basi nenda nyumbani. Mke anayetaka kunipekua kabla sijamwoa, atanipekua mpaka naingia kaburini.'"

"Pole, mwanangu."

"Hakupiga kelele hata. Angepiga kelele ningejua la kufanya." Kisha akasema neno lililonimaliza. "Lakini bado naogopa. Friza nimeona halina kitu, na bado naogopa. Kwa nini yule mama aniandikie hivi kama hakuna jambo?"

Mficha uchi hazai. Nikavuta pumzi.

"Yule mama ni mimi."

"Yupi?"

"Bibi Waridi. Ni mimi."

Halafu akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko tusi. "Baba. Hata hili? Hata yeye unamwonea wivu?"

"Naapa."

Akachukua kitabu, akanigeuzia nyuma, akaweka kidole juu ya mama wa kilemba. "Na huyu?"

"Dada yake Jalada. Akifunguliwa kitabu analala."

"Toka, baba. Tafadhali."

Sikutoka. Nilikwenda chumbani kwangu nikachukua kitabu cha Kachero kilichotoka siku ileile, ambacho yeye hakigusi kwa sababu ya damu. Nikakifungua sura ya mwisho, nikamwekea mapajani.

"Soma. Ukimaliza, kama bado unataka nitoke, nitatoka."

Alisoma kwa kinyongo, mdomo amebetua. Ukurasa wa kwanza mdomo ukarudi mahali pake. Wa pili akaweka mkono shavuni.

Mle ndani, katika kitabu cha mauaji, mwenye bucha aliyechinja mke wake anamwambia msichana, "Friji haitengenezi baridi. Inatoa joto tu, baridi ni kinachobaki. Mimi sina maneno matamu ya kukupa. Nitakuondolea tu yale yanayokuumiza, moja baada ya jingine, mpaka ubaki na raha yako." Msichana anaanza kulia. Na shangazi anatokea jikoni, shangazi ambaye hakuwemo kitabu kizima, anamvutia kiti.

Binti yangu alisoma maneno ya shangazi kwa sauti. "Kaa kwanza, kula kitu, halafu ulie."

Akafunga kitabu. Nje muuza mkaa alikuwa anapita akiita wateja.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Nilitegemea atafurahi. Wallahi nilitegemea. Miaka yote ile nilijiahidi kwamba siku moja nitamwambia, naye atanirukia shingoni. Badala yake alijikunja upande, akalia kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Nilipovunja ungo," akasema kwenye mto, "nilifungia mlango siku nzima. Ulikuja ukagonga ukasema chakula kipo mezani. Basi. Nilikwenda kwa Bibi Waridi. Yule msichana wa kitabuni alikuwa na shangazi wa kumwambia kila kitu. Nikasema, Mungu hakunisahau, kuna mama mmoja mahali ananiona."

"Nilikiandika wiki ileile. Nilikiacha juu ya meza makusudi."

"Ulikuwa chumba cha pili, baba! Chumba cha pili! Ungeshindwa kusema?"

Nilishindwa. Ndiyo kweli yenyewe, nilishindwa. Kwa jina lile niliweza yote, kwa jina langu ulimi ulikuwa mzito. Nikamwambia hivyo, na nikalia na mimi, bila kulipwa.

Baada ya muda akainuka, macho yamevimba. "Wewe huongei hivi. Hujawahi kuongea hivi. Sauti hii uliitoa wapi?"

Swali hilo nililikimbia maisha yake yote.

"Ni ya mama yako."

Akauvuta mto mapajani.

"Nikirudi nyumbani nimekataliwa kitabu, natukana dunia nzima, alikuwa akinivutia kiti. Kaa kwanza, kula kitu, halafu ulie. Ni wake. Alipoondoka nikaogopa nitamsahau anavyosema. Jalada akataka vitabu vya mapenzi, nikakaa nikamsikiliza, nikaandika. Kila kitabu cha Bibi Waridi ni yeye anaongea, mimi nachapa."

"Kila neno?"

"Isipokuwa mwisho wa hiki cha kilemba. Huu ni Kachero. Mama yako hajawahi kumwambia mwanamke yeyote aogope."

Alipitisha kidole juu ya picha ya mama wa kilemba. "Kwa nini hukuweka jina lake?" akauliza. "Hata mara moja, baba. Hata gazetini, useme, maneno haya ni ya mke wangu. Watu wote hawa wanampenda na hawamjui."

"Siku moja nitasema."

"Niahidi."

Nikaahidi. Weka ahadi hiyo pembeni, msomaji, tutaihitaji.

Akanawa uso. Akajifunga mtandio. Akachukua kitabu cha Kachero. "Twende," akasema.

Karakana ya Fundi ni banda la mabati limejaa mafriji ya watu, yamefunguliwa milango. Tulimkuta amechuchumaa nyuma ya moja. Alituona, akaendelea na kazi. Mluzi haukuwepo.

"Nimekuja kuomba radhi," binti yangu akasema. "Nilitishwa na mwisho wa uongo. Huu ndio mwisho wako. Soma."

"Nina kazi, dada."

Dada! Jana alikuwa mpenzi, leo dada. Nilimwona anavyoumeza uchungu ule.

"Ukurasa mmoja tu. Ukisha, sitarudi kukusumbua."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akakichukua. Kijana yule husoma polepole, midomo inatembea. Nikaona midomo inafika kwenye baridi. Ikasimama. Ikarudi nyuma, ikasoma tena. Nami nikatabasamu kama mjinga, nikijua sasa moyo wake unayeyuka.

Akainua uso. Hakumtazama binti yangu. Alinitazama mimi.

"Mzee. Haya maneno nilikuambia wewe."

"Ndiyo, mwanangu, kwa sababu yalikuwa mazuri…"

"Sebuleni kwako. Nimekunywa chai yako. Sikuwaambia watu wa stendi." Akafunua kurasa za mbele za kitabu, huku na huku. "Na huyu mwenye bucha, friza lake linavyolia mlango, hilo ni langu. Nilikusimulia linavyolia. Kwa hiyo ulipokuwa unatikisa kichwa, 'Ndiyo, baba, endelea, baba,' ulikuwa unanitafutia mahali pa kuweka maiti."

Binti yangu akashika mdomo. Hakuwa ameliona hilo. Hata mimi sikuwa nimeliona, nawaambieni kweli.

"Sikukusudia ubaya," nikasema.

"Najua. Ungekusudia ingekuwa rahisi." Akakaa juu ya friji iliyolazwa, amechoka kama mimi. Kisha akamgeukia binti yangu, na sauti ikalainika. "Wewe nimekusamehe toka ulipoingia. Ulisoma ukaogopa, mtu yeyote angeogopa. Nakutaka vilevile."

Akaanza kulia yule mtoto, na kucheka.

"Ila mzee," Fundi akasema, "nitakaaje sebuleni kwako? Tutagombana na mke wangu, atakuja kwako kulia, kesho tuko stendi. Tutapata mtoto, ataanza kutembea, utatikisa kichwa, kesho yuko stendi. Nataka neno lako. Yanayosemwa ndani ya nyumba zetu mbili yasitoke. Si kwa Kachero, si kwa Bibi Waridi, si kwa jina lako mwenyewe. Ukinipa neno, wewe ni baba yangu. Ukilivunja, tutaishi mbali, mimi na yeye, na hutajua tunaongea nini."

Wote wawili wakanitazama. Kwenye jicho la binti yangu niliona anajua. Ahadi hii ingeimeza ile aliyotoka kunidai kitandani. Maneno ya mama yake nayo yalisemwa ndani ya nyumba.

Aliniachia mimi.

Nikampa Fundi mkono. Nikampa neno langu mbele ya binti yangu na mafriji yote yale yaliyo wazi. Akanikumbatia, grisi ikaniingia kwenye shati. Tukarudi nyumbani, binti yangu akanivutia kiti, akaniwekea chakula, na hakuna aliyemtaja mama yake.

Tangu hapo gauni la uzi mwekundu limekwisha, linaning'inia mlangoni. Ndugu wamefika, nyumba imejaa mashangazi. Nami kila nikikaa kwenye taipureta nafunga mdomo na mikono. Mhariri wa gazeti hili ni mtu mwema, ndiye wa kwanza kunipa nafasi ya kuandika kwa jina nililopewa na wazazi wangu, na aliniambia anataka ya kweli tu. Nikasema wiki hii nitamwandikia habari ya mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nikaianza. Mbuzi akapotea, mtu akatoka kumtafuta, na mlango wa pili tu akakutana na mwanamke akamvutia kiti.

Nikachana. Nikaanza tena. Mwanamke akatokea tena.

Mke wangu, basi. Nimesema. Maneno ya Bibi Waridi ni yako, na hapa juu pameandikwa jina langu.

Gazeti hili hutoka Ijumaa. Harusi ni Jumamosi. Mkwe wangu hanunui magazeti. Huyapata ya zamani, ya kufungia vipuri, na husoma polepole. Binti yangu ndiye hununua, kila Ijumaa asubuhi, kabla sijaamka. Leo, ninapochapa haya, alipita mlangoni kwangu na tepe shingoni, akasikia taipureta, akasimama.

"Wiki hii unaandika nini, baba?"

Nikamwambia, "Mbuzi."